V8 ya dumu: mwacheni dogo abadilishe bodi

Najua nimeadimika. Kuna walioanza kueneza kwamba nimedisko, wengine eti nimeolewa. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa TP, mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, nikawa nakaa kwa shangazi yangu hapa Ihumwa. Na si mnajua tena, ukishapewa vipindi vya watu watatu na maandalio ya somo ya kuandika kwa mkono, muda wa kuandika mambo yako mwenyewe unaupata wapi? Sasa nimemaliza. Nimebaki wiki mbili nimsaidie shangazi kuuza chakula kabla ya kurudi bwenini, na leo nina hoja.

Hoja yenyewe ni magari ya rimoti. Ndiyo, yale ya kuchezea. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane.

Kuna watoto huku wakipata gari la rimoti, kitu cha kwanza wanachofanya ni kulivua bodi iliyokuja nalo na kulivisha nyingine waliyoiunda wenyewe. Watu wazima tunaita kuharibu. "Umenunuliwa kitu kizima unakivunja!" Mimi nasema yule mtoto hajavunja kitu, ameanza kazi. Na nasema hivyo nikiwa na aibu kidogo, maana mimi ndiye niliyemnyang'anya mmoja gari lake mbele ya wenzake sitini na kitu.

Ilikuwa kidato cha pili, kipindi cha Fizikia baada ya mapumziko, saa ile jua la Dodoma limesimama utosini na hata mwalimu anatamani kusinzia. (Shule siitaji, na hamtanibana.) Nafundisha kitovu cha uzito. Nimechora ubaoni meza, chupa na basi, nimeandika na tafsiri yake kwa Kiingereza kama ilivyo kwenye kitabu, wanafunzi wanaikariri kwa sauti kama kwaya: senta ofu graviti, senta ofu graviti. Nyuma kabisa dogo mmoja kainamisha kichwa. Nafika, nakuta ana bisibisi mkononi na gari chini ya dawati, magurudumu juu. Sikuuliza. Nikachukua, nikafungia kwenye droo ya ofisi, nikarudi kwenye senta ofu graviti yangu. Nilijiona mwalimu hasa siku hiyo.

Ijumaa nikaondoka nalo hadi nyumbani, nia yangu nimpe mzazi. Usiku umeme ukakatika, nikalitoa kwenye mkoba nikawa naliangalia kwa tochi ya simu. Loh! Nilitegemea kukuta kigari cha mbio cha Mchina chenye stika za moto ubavuni. Nilichokuta ni V8. Land Cruiser nyeusi, imekunjwa kwa bati la kopo la rangi, kingo zimepindwa ndani zisikate mkono, vioo vya chupa ya maji vimepakwa rangi ya moshi, na mbele kuna kibao cha namba kimeandikwa kwa kalamu nyeupe: STK. Chini yake ndiyo chasisi ya kile kigari cha Mchina, plastiki, mota moja nyuma ya kusukuma na kimota kingine mbele cha kukata kona, betri nne ndogo katikati.

Kwa nini V8? Asiyekaa Ihumwa atauliza. Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe pale Mtumba Aprili 2019, huku kwetu gari ambalo mtoto analiona asubuhi na jioni si trekta wala baiskeli ya mkaa, ni Land Cruiser yenye vioo vya giza inapita kwa kasi. Kuna barabara kubwa ya kwenda Morogoro na Dar na malori yake, na tangu 2024 kuna treni ya umeme. Vizazi vya kaka zangu walitengeneza magari ya mabua ya mtama na uwele, matairi ya kandambili iliyokatwa duara, wakayasukuma kwa mti mrefu kwenye vumbi hadi kisimani. Yale magari yalikuwa malori, kwa sababu lori ndilo walilokuwa wanaliona. Huyu wa leo anaona V8, anaunda V8. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi chasisi inajiendesha.

Na kila mtu anajua chasisi inatoka wapi. Gari la rimoti la bei rahisi bodi yake haidumu. Ni plastiki nyembamba, imeshikiliwa na skrubu nne fupi, likigonga ukuta mara tatu linapasuka pua. Mota na gia bado nzima. Nyumba nyingi linatupwa au linauzwa kwa wakusanya plastiki. Dogo lake alilipata kwenye mtumba, mnada, kwa elfu tatu, halina kichwa.

Jumatatu nikamwita ofisini. Kaja na "shikamoo madam" ya mtu anayesubiri viboko. Nikaliweka gari mezani nikamuuliza swali moja tu: umejuaje liwe refu hivi na si zaidi? Akaniangalia kwanza kuona kama namtega. Kisha akasema, "Nimepima matairi, madam."

Hapo ndipo nikaketi.

Wadau, nitawaeleza alivyofanya maana mimi nina madesa ya miaka mitatu ya ualimu wa Fizikia na Hisabati na sijawahi kuona somo la uwiano limekaa vizuri namna ile. Kwenye chasisi usiyoiunda wewe kuna kitu kimoja huwezi kukibadilisha, nacho ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bodi inaweza kuwa ya chochote, lakini matao ya matairi lazima yaangukie pale matairi yalipo. Chasisi yake ilikuwa sentimita 15 ekseli hadi ekseli. Land Cruiser ya kweli, ile 200 ya V8 yenyewe, ni milimita 2850. Gawanya kwa 150 unapata 19. Basi kila kitu kwenye V8 kigawanye kwa 19: urefu wake wa karibu mita 4.95 unakuwa sentimita 26, upana wa karibu mita 1.98 unakuwa sentimita 10 na kidogo. Yeye hakuwa na vipimo vya Toyota. Alikuwa na picha kwenye kalenda ya dukani, imepigwa ubavuni. Akapima picha kwa rula, ekseli hadi ekseli, akapata uwiano, akazidisha vingine vyote. Jibu lake na langu la kwenye simu vilitofautiana milimita chache.

Tatizo likaja kwenye upana. Kigari cha mbio ni kipana na kifupi kwenda juu, V8 imesimama. Ukipima nje ya tairi hadi nje ya tairi ile chasisi ilikuwa sentimita 12, bodi inatakiwa 10 na kidogo. Kwa hiyo matairi yanachungulia nje karibu milimita nane kila upande, kama miguu ya bata. Alichofanya ni kuongeza madigadi mapana, yale ya kuvimba, kama za magari ya porini. Tatizo likageuka urembo. Ukimuuliza anakwambia madigadi zilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, hahaha.

Nikamrudishia gari lake, nikamwomba radhi. Hiyo ya kuomba radhi mwanafunzi sikufundishwa chuoni na nilijikwaa maneno. Kisha nikamwambia, Jumamosi njoo kwa shangazi, kuna madumu.

Kwa nini madumu? Kwa sababu ile ya bati ilikuwa na ugonjwa. Tulipoliwasha, rimoti ilikuwa inashika kwa hatua tatu nne tu, ukisogea gari linakufa. Mimi nikasema betri. Dogo akasema hapana, bila bodi linashika hadi mwisho wa uwanja. Mnaosoma Fizikia mmeshaelewa: waya wa antena umekaa ndani ya sanduku la bati, na mawimbi hayapiti kwenye chuma kilichofunika kila upande. Yeye alikuwa ameshatoboa tundu dogo kwenye paa kwa msumari ili waya uchungulie, na hapo alipokuwa ameinama darasani ndicho alichokuwa anakifanya. Yaani wakati mimi naimbisha kwaya, mwenzangu yuko maabara.

Tukaanza upya kwa dumu la mafuta ya kula la lita tano. Mimi, kwa ujuzi wangu wa mjini, nikanunua supa gluu mbili. Nikapaka, nikabana, nikasubiri, nikaachia, kipande kikadondoka. Nikapaka tena. Dogo ananitazama tu kwa adabu. Mwishowe akasema, "Madam, dumu halishiki gundi. Linashonwa." Ni kweli. Plastiki ya madumu yale, yenye namba 2 ndani ya pembetatu kwenye kitako, ina uso ambao gundi haupati pa kung'ang'ania. Ukitaka kuiunganisha unapasha msumari kwenye jiko la mkaa, unatoboa matundu pembeni mwa vipande vyote viwili, unapitisha waya mwembamba na kukaza kwa plaizi. Shangazi alipita na sufuria akasema, "Nyie watoto mmeanza kushona magari?" Ndiyo, shangazi. Tunashona.

Vioo tulitumia chupa ya maji kama mwanzo, na hapa nikapata cha kumfundisha na mimi, japo kidogo. Wenzetu wanaofanya mchezo huu kwa fedha zao, Japani, Ulaya na Marekani, bodi zao ni plastiki angavu ya polikaboneti, na rangi hupakwa upande wa ndani. Gari likijiviringisha linachubuka plastiki, rangi inabaki salama. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976, na tangu hapo kumekua soko zima la bodi zinazouzwa peke yake bila chasisi. Mtu mzima mwenye ndevu ananunua bodi ya tatu kwa chasisi ile ile moja, anakata matao ya matairi kwa mkasi maalumu, na mkewe anamnunulia rangi. Kule wanaita hobi. Huku tunaita utundu. Dogo alinisikiliza hadi mwisho, akatoa vioo vyote, akapaka upya kwa ndani.

Na miguu ya kushikilia bodi. Magari yale ya wenzetu yana vijiti vinne vyenye matundu vinavyosimama kutoka kwenye chasisi, bodi inakaa juu yake na kufungwa kwa pini, na ukitaka ishuke au ipande unabadilisha tundu. Dogo alianza na vijiti vya mishikaki vikavunjika. Akaenda kwa fundi baiskeli akarudi na spoku mbili zilizokatika. Spoku ina nati yake ndogo mwishoni inayozunguka kwenye uzi, kwa hiyo ukiikaza bodi inashuka, ukiilegeza inapanda. Ni bora kuliko zile pini, na gharama yake ilikuwa salamu tu kwa fundi.

Tukapima kwenye mizani ya maabara. Chasisi na betri zake gramu 350. Bodi ya bati gramu 240. Bodi ya dumu gramu 80. Kumbukeni hizo namba.

Basi siku ya kukaguliwa ikafika. Msimamizi kakaa nyuma na fomu yake. Mimi nimeamua zana yangu ya kufundishia ni V8, na kati ya bodi mbili nikachagua ya bati. Kwa nini? Kwa sababu inang'aa! Ile ya dumu inaonekana ya dumu, ina mishono. Dogo alinifuata mlangoni kabla ya kengele akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hiyo inalala kwenye saruji." Nikamwambia nenda kakae. (Mwalimu ni mwalimu tu, hata akiomba radhi mara moja.)

Nikaliwasha. Likaenda mbele vizuri, darasa zima limesimama. Nikakata kona. V8 yangu ikalala ubavu, ikateleza hadi kwenye mguu wa msimamizi, tairi zinazunguka hewani. Sitawaelezea kicheko. Walinzi wa getini walikisikia.

Sasa katika kile kicheko nikafanya kitu pekee cha maana nilichofanya TP nzima. Nikamwita dogo mbele, nikamwambia eleza. Akaeleza kwa Kiswahili. Akasema uzito umekaa juu. Akasema kwenye vumbi la uwanjani tairi zinateleza kwanza kabla gari halijapinduka, kwa hiyo huoni ugonjwa, lakini saruji inazishika tairi, na zikishikwa huku juu kuzito, gari linakwenda upande. Kisha akatoa begi, akavua bati, akavalisha dumu, kona ile ile, kasi ile ile, gari likageuka likarudi. Darasa kimya.

Nikachukua chaki. Katikati ya tairi hadi katikati ya tairi ni sentimita 10, nusu yake 5. Kitovu cha uzito cha chasisi peke yake kiko kama sentimita 2.5 kutoka chini, cha bodi kama 8. Ukiunganisha na bati, kitovu cha gari zima kinapanda hadi karibu 4.7. Ukiunganisha na dumu, 3.5. Gawanya 5 kwa kila kimoja: bati unapata kama 1.05, dumu kama 1.4. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo gari linavyokuwa tayari kulala, na mpira kwenye saruji kavu unaweza kushika kwa nguvu inayokaribia uzito wa gari lenyewe, yaani 1. Ile ya bati ilikuwa imesimama ukingoni kabisa. Kidato cha pili wale wale wa kwaya walipiga hesabu hii wenyewe, na wawili walinisahihisha.

Msimamizi aliandika kwamba usimamizi wa darasa unahitaji kuboreshwa. Sawa. Alama alizonipa ninazibeba.

Rafiki yangu anayesoma uhandisi (anajijua, na chapati zangu bado hajalipa) nilimsimulia akaniambia, "Sasa hapo kuna nini? Bodi ni pambo. Angeunda mota ningekuelewa." Hoja hii naisikia sana na naomba niijibu, maana inaonekana ya kisomi kumbe imekaa vibaya.

Kwanza, historia ya usafiri wetu kwa sehemu kubwa ni historia ya bodi. Magari ya mbao ya Zanzibar, yale yaliyobeba watu na ndizi kutoka shamba, ni lori la kigeni chini na kazi ya seremala wa Unguja juu. Matatu za Nairobi nyingi ni chasisi ya Isuzu iliyokuja haina kitu mgongoni, na bodi yote, viti, madirisha, michoro na muziki, vimeundwa kwenye karakana za huko huko Kenya. Wana hata kiwango chao cha kujenga bodi za magari ya abiria, KS 372. Mtu aliyekata bati la kwanza kwenye karakana hizo hakuunda injini. Lakini ameajiri watu. Nenda kwa mafundi bodi kando ya barabara hapa Dodoma uhesabu vijana walioshika kifaa cha kuchomelea, halafu uniambie tena ni pambo.

Pili, na hii ndiyo inayonikereketa: bodi inaua. Mnakumbuka enzi za SUMATRA, kabla LATRA haijachukua nafasi yake mwaka 2019, kelele zilivyokuwa kuhusu mabasi yaliyojengwa juu ya chasisi za malori? Fremu ya lori iko juu na springi zake ni ngumu, imeundwa kubeba tani za mzigo. Ukijenga juu yake chumba cha watu hamsini na mizigo yao juu ya paa, kitovu cha uzito kinapanda na abiria wote. Barabara ikiwa imenyooka huoni ugonjwa. Unauona kwenye kona. Kile kile alichosema dogo mbele ya darasa, kwa gari la gramu 590. Kwa hiyo anayesema bodi ni pambo tu ndiye huyo huyo atakayekubali iwekwe popote. Dogo ameshajua kwamba bodi inaiomba chasisi ruhusa: urefu, upana, kimo, uzito. Amejua akiwa na miaka kumi na mitano, na bisibisi, chini ya dawati.

Sasa sisi walimu tarajali. Tunasomeshwa Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya Machi 1967, tunaiandika kwenye mitihani na tunafaulu. Tunasomeshwa Sera ya Elimu toleo la 2023 na mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, yenye mkondo wa amali. Maneno mazuri kabisa. Halafu tunaingia darasani, tunaona amali yenyewe imekaa dawati la nyuma, tunaifungia kwenye droo kwa sababu haikuwa kwenye andalio la somo.

Sisemi kila mtoto achezee gari kipindi kikiendelea. Nilikuwa na haki ya kumwambia aliweke chini. Sikuwa na haki ya kutouliza. Na wala sisubiri serikali inunulie kila shule magari ya rimoti, hapana, magari yenyewe yako kwenye mitumba hayana vichwa. Ninachotaka ni kidogo tu: chasisi moja kwa darasa, vikundi vinne, kila kikundi kiunde bodi yake kwa kinachopatikana, dumu, bati, mabua, boksi, zipimwe kwenye mizani, zikate kona kwenye saruji. Na kitu kimoja nilichokiona: wasichana waliokuwa wanajifanya hawana habari na magari ndio walioshona mishono iliyonyooka kuliko ya dogo na mimi. Mmoja alibomoa kazi yetu mbele yetu akairudia. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo kaka zangu walinipa kazi ya kulinda magari yao ya mabua mbuzi wasiyale. Nilikuwa mlinzi hodari. Kuunda sikuitwa.

Kuna jambo la V8 pia, nisilipite. Shangazi aliliangalia lile la bati likiwa limeegeshwa dirishani akasema, "Mngeunda hata daladala, mwanangu. Hilo hatupandi." Alisema hivyo tu akaendelea kuchambua mchele. Mimi nilikaa na maneno yale usiku kucha, dogo yeye aliyachukua kama oda.

Kwa hiyo sasa anataka Hiace. Nikatafuta vipimo vyake, na wadau, hiki kitu kilinifanya nicheke peke yangu gizani. Hiace ya kizazi kile kilichoanza kuuzwa 2004, ambayo mnaijua kwa magoti yenu, ni milimita 2570 ekseli hadi ekseli. Na chasisi za rimoti za hobi, zile za barabarani za moja kwa kumi, kipimo chake cha kawaida ni milimita 257. Inaingia kamili kabisa, bila kugawanya kichwa! Upana ndio haukubali: Hiace nyembamba ni 1695, kwa kumi ni 169.5, chasisi ni 190. Tairi zitachungulia sentimita moja kila upande. Nikamwambia dogo tutafanyaje, daladala haina madigadi ya kuvimba. Akafikiri. Akasema atachimba ringi kwa ndani ili tairi ziingie. Tukaishia hapo, maana chasisi yenyewe hatuna.

Ndiyo maana nimeandika, kusema kweli. Bumu likitoka najua kuna wenye mambo yao, siombi hela. Ila najua humo mabwenini na majumbani kwenu kuna magari ya rimoti ya wadogo zenu yamelala chini ya kitanda, pua imepasuka, rimoti imepotea. Lisilo na bodi ndilo tunalolitaka zaidi. Likiwa la moja kwa kumi nitawapikia. Likiwa dogo vilevile tunapokea, dogo atapiga hesabu. Nipo Ihumwa hadi Jumapili ya wiki ijayo, baada ya hapo nitakuwa bwenini, chumba kile kile, na sabuni ya kuoshea mikono ipo. Betri msitoe, mtazihitaji kwenye saa za ukutani.

Dogo ananisubiri hapa nje na dumu jipya. La lita kumi.